Hokusai: Mzee aliyechora simba kila asubuhi kwa mwaka mzima

KILA Januari inapowadia, watu wengi hujiwekea nadhiri. Yupo anayeapa kutunga shairi moja kila siku, yupo anayenuia kupiga picha moja kila asubuhi, na yupo anayenunua daftari jipya la kuchorea akiamini kwamba kufikia Desemba kurasa zote zitakuwa zimejaa. Aghalabu nadhiri hizo hunyauka kabla mvua za masika hazijaanza kunyesha.

Miongoni mwa wachache walioshika jambo la aina hii na kulifikisha mbali ni Katsushika Hokusai, mchoraji wa Japani aliyefariki mwaka wa 1849. Ulimwengu unamfahamu kwa picha moja: wimbi kubwa la buluu lililoinua kucha zake za povu juu ya mashua tatu, huku mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali. Ni wachache wanaojua kwamba miaka kadhaa baada ya picha hiyo, akiwa na umri wa miaka 83 kwa hesabu ya Wajapani wa enzi zake, mzee huyo alianza kuamka kila asubuhi, kuchukua kipande cha karatasi na brashi, na kuchora simba. Alishikilia desturi hiyo kuanzia mwisho wa mwaka wa 1842 hadi mwisho wa mwaka wa 1843.

Simba hao hawakuwa na mnunuzi. Hakuna mchapishaji aliyewaagiza wala tajiri aliyewalipia. Hokusai aliwachora kwa sababu alikuwa na mzigo moyoni, na ili tuuelewe mzigo huo hatuna budi kumfuata tangu alikotoka.

Mwana wa Edo

Hokusai alizaliwa mwaka wa 1760 katika wilaya ya Katsushika, mjini Edo, mji ambao leo hii ni Tokyo. Wakati huo Japani ilikuwa chini ya watawala wa kijeshi walioitwa shogun, na milango ya nchi ilikuwa imefungwa kwa wageni karibu wote isipokuwa Waholanzi na Wachina waliofanya biashara katika bandari ya Nagasaki.

Alipokuwa mtoto aliitwa Tokitaro. Inaaminika kwamba alilelewa katika nyumba ya Nakajima Ise, fundi aliyetengeneza vioo vya shogun. Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kupenda kuchora maumbo ya vitu alipokuwa na umri wa miaka sita. Alipobaleghe alifunzwa kazi ya kuchonga vibao vya mbao, vile vilivyopakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi ili kuchapisha picha. Kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo wachoraji wengi hawakulijua: jinsi mstari uliochorwa kwa brashi unavyopita chini ya kisu cha mchongaji kabla haujamfikia mnunuzi.

Mwaka wa 1778 aliingia katika karakana ya Katsukawa Shunsho, bingwa wa kuchora waigizaji wa michezo ya jukwaani ya kabuki. Mwalimu wake alimpa jina la Shunro, na mwaka uliofuata picha zake za kwanza zikachapishwa. Alikaa katika karakana hiyo kwa takriban miaka 15.

Shunsho alipoaga dunia, mambo yaliharibika. Hokusai aliachana na karakana hiyo, na wasimulizi wa maisha yake husema kwamba aliondoka kwa ugomvi. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa karakana aliona bango alilokuwa amelichora, akalidharau na kulirarua mbele yake. Yasemekana pia kwamba baadaye Hokusai aliishukuru fedheha hiyo kuliko sifa zote alizowahi kupewa, kwa kuwa ndiyo iliyomtia ari ya kuwa mchoraji bora.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Wasimulizi hudai kwamba ilifika wakati alitembea barabarani akiuza pilipili ili apate riziki. Hata hivyo hakuitupa brashi. Alijifunza mitindo ya shule nyingine za uchoraji, akachunguza picha za Kichina, na hata zile za Ulaya zilizopenya kupitia kwa Waholanzi.

Majina 30, nyumba 93

Mtu huyu hakuwa wa kutulia mahali pamoja. Katika maisha yake alitumia majina zaidi ya 30, na kila alipobadilisha namna ya kuchora alibadilisha pia jina la kutia sahihi. Hokusai ni mojawapo tu ya majina hayo. Mengine ni Sori, Taito, Iitsu na Manji. Baadhi ya majina aliyoachana nayo aliwapa wanafunzi wake.

Vivyo hivyo aliyahama makazi yake mara 93 kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi. Hakupenda kufagia wala kupanga vyombo. Nyumba ilipojaa takataka na karatasi zilizotupwa kiasi cha kutopitika, alitafuta nyingine.

Umaarufu ulimjia kwa vishindo. Mnamo 1804, katika viwanja vya hekalu la Gokokuji mjini Edo, alichora picha ya mtawa Daruma mbele ya umati wa watu. Karatasi ilikuwa na ukubwa unaokadiriwa kuwa mita mraba 200, na badala ya brashi ya kawaida alitumia ufagio na ndoo za wino. Waliokuwa chini hawakuweza kuitambua sura hadi walipopanda juu ya paa. Inasimuliwa kwamba mchoraji huyo huyo aliwahi kuchora ndege juu ya punje moja ya mchele.

Mwaka wa 1814 kilitoka kitabu cha kwanza katika mfululizo ulioitwa Hokusai Manga. Kilikuwa kitabu cha mafunzo kwa wanaotaka kujua kuchora, nacho kilijaa wapiga mieleka, wavuvi, wachuuzi, samaki, panya, mianzi, mvua na mizimwi. Watu walikipenda mno hata mfululizo huo ukafika vitabu 15, cha mwisho kikichapishwa mwaka wa 1878, karibu miaka 30 baada ya kifo chake. Kwa yeyote anayeufungua leo, ni dhahiri kwamba michoro hiyo ilitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kupitisha siku bila kuchora chochote.

Wimbi laja na misiba

Mwishoni mwa miaka ya 1820, misiba ilimwandama Hokusai. Alipatwa na kiharusi, na inasimuliwa kwamba alijitibu kwa dawa aliyoipika kutokana na tunda la jamii ya limau. Mnamo 1828 mkewe wa pili alifariki. Yule wa kwanza alikuwa ametangulia miaka mingi kabla. Hokusai akabaki mjane mwenye umri mkubwa, asiyekuwa na akiba.

Katika hali hiyo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina duniani. Kuanzia takriban mwaka wa 1830, mchapishaji Nishimuraya Yohachi alianza kutoa Mandhari 36 ya Mlima Fuji. Picha hizo zilitumia kwa wingi rangi ya buluu iliyobuniwa mjini Berlin karne moja iliyotangulia, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kupatikana Japani kwa bei nafuu. Wanunuzi walizigombania, na mchapishaji akaongeza nyingine kumi, jumla zikawa 46. Wimbi Kubwa la Kanagawa ni mojawapo. Wakati huo nakala moja iliuzwa kwa bei isiyozidi sana ile ya bakuli mbili za tambi. Mnamo Machi 2023 nakala moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7 za Marekani.

Mwaka wa 1834, katika kitabu kingine kuhusu mlima huo huo, Hokusai aliandika maelezo mafupi ya maisha yake ambayo yamewashangaza wasomaji hadi leo. Alikiri kwamba chochote alichokichora kabla ya kufika miaka 70 hakikustahili kutajwa. Alipofika miaka 73 ndipo alipoanza kuelewa kidogo jinsi wanyama, ndege, wadudu na samaki walivyoumbwa. Alitarajia kupiga hatua zaidi akifika 80, kuingia ndani ya siri za mambo akifika 90, na akifika 110 kila nukta na kila mstari atakaouchora uwe na uhai wake wenyewe. Tangu hapo akawa anatia sahihi kwa jina lenye maana ya mzee mwenye wazimu wa kuchora.

Mjukuu asiyesikia la mkuu

Sifa hizo zote hazikumletea raha nyumbani. Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa na mwanafunzi wake, Yanagawa Shigenobu. Ndoa ilivunjika, binti akarudi kwa baba yake na mtoto wa kiume, kisha akafariki. Mtoto huyo akabaki mikononi mwa babu.

Wahenga walisema kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini malezi nayo yana siri zake. Kijana huyo alikua mtukutu. Alijiingiza katika mambo yasiyofaa na kulimbikiza madeni, nao wadai wakawa wanabisha hodi kwa babu. Hokusai alilipa, akalipa tena, na barua zake za miaka hiyo zimejaa malalamiko ya mtu aliyechoka. Karibu mwaka wa 1834 aliondoka Edo na kwenda kuishi kwa muda Uraga, mji wa pwani, ambako alijificha kwa jina la bandia. Yule aliyechora picha zilizotundikwa katika nyumba nyingi za Edo alikuwa akikwepa kutambuliwa.

Ulimwengu nje ya nyumba yake nao ulikuwa umechafuka. Kati ya 1833 na 1837 njaa kali iliikumba Japani, na watu wasiokuwa na mchele hawakuwa na haja ya kununua picha. Inasimuliwa kwamba Hokusai aliponea chupuchupu kwa kuchora vijitabu kwa mkono wake na kuviuza ili apate chakula. Mwaka wa 1839 moto uliiteketeza nyumba yake pamoja na hazina kubwa ya michoro aliyokuwa ameikusanya tangu ujana.

Kisha zikaja amri za serikali. Kuanzia 1841 watawala walianza kampeni ya kurudisha kile walichokiita maadili mema, na mwaka uliofuata wakapiga marufuku picha za waigizaji na za makahaba mashuhuri, bidhaa iliyokuwa uti wa mgongo wa wachapishaji. Ryutei Tanehiko, mwandishi aliyewahi kushirikiana na Hokusai katika vitabu, alikemewa na wakuu kwa riwaya yake iliyopendwa sana, nayo ikapigwa marufuku. Alifariki mwaka huo huo wa 1842.

Hiyo ndiyo hali iliyomzunguka mzee alipokaa chini na kuanza kuchora simba.

Simba wa nchi isiyokuwa na simba

Kwetu Afrika Mashariki simba ni mnyama wa kweli anayekula ng'ombe na kuwapa wafugaji hofu. Japani haina simba mwituni. Simba aliyemchora Hokusai aliingia nchini humo kutoka China pamoja na dini ya Kibudha, naye huitwa shishi. Ana manyoya yaliyojikunja, macho makubwa na mkia kama mwali wa moto. Sanamu zake hulinda milango ya mahekalu, na katika sikukuu watu hujivika kinyago chake na kucheza ngoma mitaani ili kufukuza mikosi. Kwa Mjapani wa enzi hiyo, kumchora shishi kulikuwa karibu sawa na kuandika hirizi.

Hokusai aliuita mkusanyo huo Nisshin Joma. Maana yake ni kufukuza pepo upya kila siku. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba pepo aliyekusudiwa alikuwa na jina na makazi: ni mikosi iliyoletwa na mjukuu wake. Babu hakuweza kumrekebisha kijana, hakuweza kumkana, na mfuko wake haukuweza kuyamaliza madeni. Alichokiweza ni kuamka, kusaga wino, kuchora mlinzi mmoja na kuandika tarehe ya siku hiyo.

Inasimuliwa kwamba alipomaliza aliikunja karatasi na kuitupa nje ya nyumba. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Mchoro haukuwa wa kuhifadhiwa. Uliondoka na balaa la siku, na kesho yake mwingine ungechorwa.

Anayedhani kwamba kuchora kitu kimoja kila siku ni jambo la kuchosha hana budi kuitazama michoro hiyo. Yupo simba anayenguruma na yupo anayelala. Yupo anayerukaruka kama mwanambuzi na yupo aliyeketi akiwaza kama mzee wa baraza. Pengine si mnyama kabisa bali ni mcheza ngoma aliyejivika kinyago cha simba, miguu ya binadamu ikichungulia chini ya kitambaa. Mistari ni ya haraka, ya mtu asiyerudia wala kufuta. Mingine ni ya ustadi mkubwa na mingine ni ya kawaida tu, kama zilivyo siku zenyewe.

Michoro 219 ya mkusanyo huo imehifadhiwa pamoja hadi leo. Ilifika mikononi mwa Miyamoto Shinsuke, samurai wa Matsushiro, na ukoo wake ukaitunza vizazi kwa vizazi. Sasa imo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kyushu, kusini mwa Japani, na serikali ya nchi hiyo imeiorodhesha miongoni mwa mali muhimu za utamaduni. Karatasi zilizokusudiwa kutupwa zimekuwa hazina ya taifa.

Binti aliyekuwa kando

Haifai kuisimulia habari hii bila kumtaja Oi, binti mwingine wa Hokusai. Naye alikuwa mchoraji hodari. Aliolewa na mchoraji mwenziwe, ndoa ikavunjika, akarudi kuishi na baba yake na kumsaidia kazi hadi mwisho. Picha alizozitia sahihi yake mwenyewe ni chache, lakini zile zinazojulikana, hasa zinazoonyesha mwanga wa taa usiku, zimewafanya wataalamu wa siku hizi kumpa heshima ambayo hakuipata alipokuwa hai.

Mwanafunzi mmoja wa Hokusai ameacha mchoro unaoonyesha maisha ya baba na binti huyo katika miaka ya 1840. Mzee amejifunika blanketi zito mgongoni kwa ajili ya baridi, ameinama sakafuni huku akichora. Oi ameketi kando akimtazama. Chumba ni kidogo na hakina samani za kujivunia. Ndimo alimoishi mchoraji mashuhuri kuliko wote nchini.

Oi ndiye pia anayetajwa katika kisa kinachosimuliwa mara nyingi. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba brashi haimtii. Oi akacheka, akamweleza kwamba baba yake amekuwa akichora kila siku tangu utotoni, lakini hivi majuzi tu, akiwa na zaidi ya miaka 80, alikunja mikono na kutokwa na machozi kwa kuwa hawezi kuchora hata paka. Oi alimwambia mwanafunzi huyo kwamba pale mtu anapojiona ameshindwa ndipo anapoanza kusonga mbele.

Kisa hicho kinatufunulia ni kwa nini mwaka wa simba uliwezekana. Kwa Hokusai, kuchora kila siku hakukuwa tukio la mwaka mmoja. Ilikuwa desturi ya zaidi ya miaka 70, na simba walikuwa sura nyingine tu ya desturi hiyo, sura iliyozaliwa na shida.

Baada ya simba

Je, mikosi ilifukuzika? Hakuna simba wa karatasi anayeweza kulipa deni wala kumtia adabu kijana aliyekengeuka. Umaskini haukuhama nyumbani kwa Hokusai. Hata hivyo, yaliyofuata baada ya mwaka huo si kazi ya mtu aliyevunjika moyo.

Katika miaka hiyo ya 1840 alisafiri hadi Obuse, mji mdogo ulio milimani umbali wa takriban kilomita 240 kutoka Edo, alikokaribishwa na mfanyabiashara tajiri na msomi aliyeitwa Takai Kozan. Huko alichora joka na ndege wa kifalme juu ya dari la gari la sherehe mwaka wa 1844, na mwaka uliofuata akachora mawimbi mawili makubwa katika gari jingine. Bado mawimbi! Lakini haya hayana mashua wala mlima. Ni maji matupu yanayozunguka kuelekea kwenye kiini chake. Mnamo 1848 dari la hekalu la Ganshoin, katika mji huo, lilipambwa kwa ndege mkubwa aliyemsanifu, na rangi zake zingali zinang'aa.

Mwaka huo wa 1848 alichapisha pia kitabu cha kuwafunza vijana namna ya kuchanganya na kutumia rangi. Mtu aliyekuwa karibu kutimiza miaka 90 alikuwa bado anahangaika kuwapa wanaoanza siri alizozitafuta maisha yake yote.

Mwanzoni mwa 1849 alichora joka likipaa katika moshi mweusi juu ya mlima Fuji. Aliugua majira ya kuchipua ya mwaka huo, na mnamo Mei 10, 1849 akaaga dunia. Kwa hesabu ya Wajapani alikuwa na miaka 90. Kwa hesabu yetu alikuwa na 88. Inasimuliwa kwamba akiwa kitandani alitamani mbingu zimwongezee miaka kumi, na kama kumi ni mingi basi hata mitano, ili awe mchoraji wa kweli. Alizikwa katika hekalu la Seikyoji, wilaya ya Asakusa, na kaburi lake lipo hadi leo.

Miaka minne baadaye meli za kivita za Marekani ziliingia katika ghuba iliyo karibu na Uraga, mji ule ule alikojificha, na kuilazimisha Japani ifungue milango yake. Picha za Hokusai zikasafiri pamoja na chai na hariri hadi Ulaya. Wachoraji Claude Monet na Vincent van Gogh walikusanya picha za Kijapani na kujifunza kutoka kwazo. Mwanamuziki Mfaransa Claude Debussy alipochapisha utungo wake kuhusu bahari mwaka wa 1905, jalada lake lilipambwa kwa wimbi la Hokusai. Mnamo Novemba 2016 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa katika wilaya ya Sumida mjini Tokyo, karibu na alikozaliwa, na Julai 2024 wimbi lake likaingia katika noti mpya ya yeni 1,000.

Funzo la simba

Wimbi lilimpa Hokusai umaarufu, lakini kwa mtu wa kawaida anayetaka kufanya jambo la ubunifu kila siku kwa mwaka mzima, simba ndio walimu bora. Ukiyatazama mazingira ya kazi hiyo utaona ni kwa nini iliweza kudumu.

Kwanza, kazi ilikuwa ndogo. Karatasi moja, brashi moja, wino mweusi na mnyama mmoja. Hokusai aliyewahi kuchora kwa ufagio juu ya mita mraba 200 hakujiwekea sharti la kufanya hivyo kila asubuhi. Pili, ilikuwa na wakati wake. Asubuhi ilipofika simba alichorwa, kabla ya kazi nyingine na kabla wadai hawajabisha. Tatu, iliandikwa tarehe, ili siku moja isichanganyike na nyingine. Nne, na hili ndilo gumu zaidi, iliachwa iende. Hakuilinganisha ya leo na ya jana wala hakungoja kupigiwa makofi.

Juu ya yote hayo, kazi hiyo ilikuwa na sababu. Anayechora ili aonekane amechora huchoka macho ya watu yanapogeukia kwingine. Hokusai alichora kwa kuwa alikuwa na mjukuu aliyempenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kila asubuhi alihitaji kuweka mlinzi mlangoni kabla ya siku kuanza. Sababu ya aina hiyo haimalizwi na baridi ya Februari wala joto la Agosti.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Hokusai hakujaza kibaba chake kwa kukusudia. Punje alizitupa nje ya mlango, na wengine ndio waliozikusanya. Lakini punje zilikuwepo za kukusanywa kwa sababu mzee mmoja mgonjwa, maskini na mwenye huzuni hakukubali asubuhi impite bila kuchora kitu. Anayenuia kuanza nadhiri kama hiyo hahitaji kungoja Januari ifike. Simba wa kwanza wa Hokusai hakuchorwa siku ya mwaka mpya, bali mwishoni mwa mwaka uliokuwa unaisha, katika majira ya baridi, siku ambayo haikuwa na jambo lolote la pekee.